Muhogo wa Kutafuna Bila Kumeza

Kabla ya maabara kulikuwa na ngedere. Msinikimbize, tutafika.

Kule Rutamba baba yangu alilima mahindi bondeni, na kazi yangu mimi ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, nikiwa na debe bovu la kugonga, kombeo, na makopa mfukoni. Makopa ni muhogo uliomenywa ukaanikwa mpaka ukawa jiwe jeupe. Ukiuma kwa pupa unaondoka na jino mkononi. Mimi nilikuwa navunja kipande kidogo, natia mdomoni, natafuna polepole bila kumeza, kwa sababu ukimeza kimekwisha na jua bado liko utosini. Ukitafuna sana, lile tope la mdomoni linaanza kuwa tamu. Tamu hasa, kama mtu amekumegea sukari guru. Nikadhani Mwenyezi Mungu ananilipa kwa kulinda shamba. Nikamwambia mama. Mama akasema, "Huyo si Mungu, hiyo ni njaa."

Basi palikuwa na ngedere mmoja dume, mzee, haogopi debe wala kombeo. Anakuja mpaka pembeni mwa shamba, anavunja hindi, anajaza mashavu mpaka yanatokeza kama ana majipu, halafu anakaa kunitazama. Mimi natafuna, yeye anatafuna, wote hatumezi. Siku moja akainuka, akaondoka na mashavu yake, hakurudi tena. Baba akanisifu kijiji kizima kwamba nimemfukuza. Sikumfukuza. Alichoka kunitazama.

Haya, sasa nyie vijana wa maabara. Mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkanikatia keki, nilipotaka kipande cha pili mkasema, "Mzee Chande, sukari hiyo!" Halafu mkaniomba niandike mambo ya kazini. Naandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa niliingia kibarua nikatoka mhudumu, na hapo katikati kuna mstari mmoja tu. Mshahara nao sitautaja, mnaujua, huo huo mnaupata nyie.

Shule nilifika darasa la nne. Nikaona inatosha, na mwalimu naye akaona inatosha, tukaachana kwa amani. Nikamfuata mjomba Kilwa. Hospitali walikuwa wanatafuta mtu wa kufyeka majani, nikachukuliwa na fyekeo langu. Siku ya kwanza nimefyeka mpaka chini ya dirisha la maabara, nikasikia sauti ya Kimakonde inatoka ndani.

"Wewe wa fyekeo! Una mafua?"

"Sina, Bwana."

"Njoo unuse."

Huyo ndiye Bwana Rafaeli, mtu wa kule juu Makondeni, Mkristo wa kwenda kanisani hata siku zisizo za kanisa. Alikuwa peke yake kwenye maabara na pua yake ilikuwa imeziba. Akanipa chupa mbili. "Ipi ni mkojo na ipi ni chai ya rangi?" Nikanusa, nikamwonyesha. Akachukua ile ya chai, akainywa. Basi, nimeajiriwa. Fyekeo likabaki kwenye majani mpaka likaota kutu.

Kwa miaka mingi nimeosha chupa na vioo, nimebeba makopo, nimeitwa Bwana Mikojo na mji mzima. Hata msikitini. Mtu ananipisha safu ya mbele, si kwa heshima, anataka tu kukaa mbali na mimi. Sikuona haya. Kila aliyenicheka ipo siku alinijia na kikopo chini ya kanzu, anatazama huku na huku kama amebeba bangi.

Siku hizo wagonjwa walileta mkojo kwenye chochote chenye kizibo. Chupa ya marashi, chupa ya dawa ya kikohozi, chupa ya mafuta ya nywele. Bibi mmoja wa Kiswere alileta kwenye sufuria yenye mfuniko, amefunga na leso vizuri, nesi akadhani kaletewa wali. Na palikuwa na fundi cherehani wa Kikole ambaye kila akipimwa ana sukari. Akaacha chai, akaacha maembe, akamwacha na mchumba wake asije akamwachia ujane. Kumbe chupa yake ilikuwa ya soda na hakuwahi kuisuuza. Mchumba alikuwa keshaolewa na mwingine.

Upimaji wenyewe ulikuwa wa moto. Unatia ile dawa ya buluu kwenye kijichupa chembamba, unadondoshea mkojo, unashika kwa kibanio, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Bwana Rafaeli ananiambia, "Mdomo wa chupa uelekeze ukutani, usinielekeze mimi, mimi nina mke." Ikibaki buluu, mtu mzima. Ikigeuka kijani kama kisamvu, ana sukari kidogo. Ikienda njano, ikifika rangi ya tofali, basi Bwana Rafaeli anavua miwani na kusema, "Huyu anakojoa juisi." Na kweli, wazee wetu hawakuwa na taa ya spiriti lakini walijua. Waliangalia tu sisimizi wamekwenda kujipanga wapi.

Neno moja alinifundisha kwa ukali. Siku hiyo nimepanga chupa mbili zinafanana, sijui tena ipi ya nani, nikataka kukisia. Akanipiga kofi la kisogo. "Mwaga zote. Ukichanganya chupa umechanganya watu. Utaua mtu ambaye hata hamjagombana." Tukawaita wale wagonjwa wakojoe upya. Mmoja alitutukana mpaka akakojoa kwa hasira, ikawa haraka kuliko mara ya kwanza.

Bwana Rafaeli alistaafu akarudi kwao juu, na akafa huko, Mungu amrehemu kwa dini yake. Zikaja zile mashine ndogo za kutoboa kidole, tone moja la damu na namba inakuja yenyewe. Taa ya spiriti ikawekwa kabatini. Nami nikabaki na makopo, maana mkojo haukuisha kwa kuja mashine.

Baadaye sana ndiyo akaja Daktari Neema, binti mdogo, anacheka kwa sauti, anatembea kama anawahi basi. Yeye ndiye aliyeanzisha kliniki ya sukari kila Jumatano. Wagonjwa wanakuja asubuhi, wanakaa kwenye benchi refu la barazani karibu na maabara, na kabla ya kumwona mmoja mmoja anawapa somo. Wengi ni wanawake. Wanaume wenye sukari wapo tele mjini, ila wanaume hawakai benchi.

Kwenye benchi hilo mwenye sauti kubwa alikuwa Mwalimu Sikudhani. Alifundisha fasihi sekondari, sukari ikampata akiwa bado darasani, akawa anakuja na kitabu kwapani na chupa yake ya maji. Mimi vitabu sivijui, lakini nilimsikiliza miaka, kwa hiyo naweza kuwaambia fasihi yote kwa ufupi kama alivyotuambia yeye:

"Mwanamke wa kwenye vitabu vyetu ana kazi mbili, kupika na kulia. Akitokea wa tatu asiyepika wala kulia, huyo malaya, na ukurasa wa mwisho atakufa. Na jina hapewi. Ni mama fulani, mke wa fulani, binti fulani. Unasoma kitabu kizima, unajua jina la punda na hujui jina la mama mwenye nyumba."

Bibi mmoja akamuuliza, "Sasa Mwalimu, punda anaitwaje?"

Jumatano moja Daktari Neema akachora tumbo ubaoni, kubwa kama gunia. Nyuma yake akachora kitu chembamba kimejilaza kama samaki. Akasema, hili ni kongosho. Linakaa nyuma ya tumbo, halionekani, wala hulisikii. Linatoa vimeng'enya, yaani maji yanayovunjavunja chakula, wanga wa muhogo na wali, mafuta, nyama, vyote. Halafu hilo hilo linatoa insulini, inayofungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie mwilini ifanye kazi. Likichoka, au mwili ukiacha kulisikia, sukari inabaki inazagaa kwenye damu, inaharibu macho, figo, miguu.

Mwalimu Sikudhani akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Daktari, hebu turudie. Limekaa nyuma ya tumbo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Watu wanalisifu tumbo. Ooh, tumbo limeshiba, tumbo linauma. Na anayepika ni huyo wa nyuma?"

"Kwa kiasi kikubwa, ndiyo."

"Na mpaka achoke ndiyo wanauliza jina lake?"

Benchi zima likaangua kicheko. Bibi mmoja akapiga paja, "Mwanangu Daktari, hilo kongosho limeolewa!"

Toka siku hiyo Mwalimu akaanza kuandika hadithi ya Bi Kongosho, na kila Jumatano anatusomea kipande wakati tunasubiri. Kwenye hadithi kila mtu anamwita Mke wa Tumbo. Mzee Tumbo anakaa barazani na kitambi, anapokea wageni, anapiga mbweu, anasema, "Leo nimesaga nyama." Bi Kongosho yuko uani na moshi. Nilikuwa naacha kuosha chupa niende kusikiliza mlangoni. Mke wangu akaniuliza siku hizi unachelewa wapi, nikasema kuna mwanamke kachoka kwa mumewe nafuatilia. Akanuna siku mbili.

Katika wale wa benchi alikuwepo Mke wa Mzee Abdala. Hivyo ndivyo kadi yake ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo nesi alivyomwita, "Mke wa Abdala, ingia!" Mzee Abdala wote tulimjua, mnunuzi wa ufuta, mtu mrefu, kofia yake nyeupe haijawahi kuwa na doa, na baiskeli yenye kengele mbili. Mkewe mama mnyamavu, ushungi mpaka kwenye nyusi, ncha yake kaivuta mpaka puani. Anakuja mara mbili kwa mwezi kwa sababu sukari yake ilimtia wazimu Daktari. Leo nzuri, Jumatano yake nyingine imepaa mpaka mashine inataka kulia. Daktari anaongeza vidonge, anakuja iko chini. Anapunguza, inapaa.

"Mama, unakula nini kule nyumbani?"

"Tunachokula wote."

"Dawa unameza?"

"Twameza."

Hiyo "twa" ingetufungua masikio, lakini watu wa pwani tunasema twa hata ukiwa peke yako chooni.

Sasa Daktari alikuwa na somo moja ambalo mimi ndiye msaidizi wake, na najivuna nalo. Nachemsha muhogo nyumbani, nauleta umekatwa vipande. Kila mgonjwa anapewa kimoja, anatafuna bila kumeza. Mwingine tunamwambia ateme mapema kwenye kisahani, mwingine atafune kwa muda mrefu ndiyo ateme. Halafu nadondoshea ayodini. Kile cha mapema kinageuka cheusi tititi, maana wanga upo. Kile kilichotafunwa sana hakigeuki, kwa sababu mate yana kimeng'enya chake nacho kimeshaukata wanga kuwa sukari. Wagonjwa wanashangaa mpaka wanasimama. Daktari anawaambia, "Mmeona? Mtu anasema, mimi sili sukari, nala muhogo tu. Sukari unaipika mwenyewe mdomoni." Na mimi nikakumbuka dungu la Rutamba na malipo yangu ya Mwenyezi Mungu. Mama alikuwa sahihi, hakuwa Mungu. Yalikuwa mate.

Basi katika kupitisha kisahani, mtu inabidi afungue mdomo. Mke wa Abdala akatema, nikaona ana pengo mbele, meno mawili ya juu hayapo, limelala vizuri kama lango la uwanja. Jumatano yake iliyofuata akatema tena. Meno yote yapo, meupe, yamejipanga.

Nikasema, "Daktari, hizi dawa zako zinaotesha meno."

Daktari akasema, "Mzee Chande, peleka visahani vyako." Watu wakacheka, nami nikapeleka visahani. Mke wa Abdala hakucheka. Alishusha ushungi.

Mwalimu Sikudhani naye alikuwa na chake. Alimuuliza, "Mama Abdala, wiki ile tuliishia wapi? Bi Kongosho alifanya nini na ule mwiko?" Yule mama akamwambia kwa ufasaha, mpaka maneno ya Mzee Tumbo anayaigiza kwa sauti nzito. Mwalimu akafurahi. Hatukujua kwamba aliyesikia ni mwingine, na huyu kasimuliwa jikoni.

Nisiwazungushe. Mzee Abdala alikuwa na wake wawili, ua mmoja, milango miwili. Mkubwa, mwenye pengo, Somoe. Mdogo, mwenye meno, Zainabu. Somoe alianza sukari, akaandikishwa. Mwaka uliofuata Zainabu naye akaanza kukonda na kuamka kwenda msalani. Mzee Abdala akatoa hukumu: kadi ni moja, nyumba ni moja, ugonjwa ni mmoja, mtakwenda kwa zamu. Mwenye zamu ya mume ndiye mwenye zamu ya kliniki. Na dawa mtameza wote kutoka pakiti moja, kama mnavyokula sinia moja. Alikuwa na sababu zake. Alikuwa anaposa wa tatu huko Rutamba, tena binti wa ukoo ninaoufahamu, na hakutaka habari zifike kwamba wake zake wote wawili wagonjwa. Mmoja, watu watasema bahati mbaya ya mwanamke. Wawili, watauliza huyu mwanamume ana nini.

Kwa hiyo Daktari Neema alikuwa anamtibu mtu ambaye hayupo duniani. Ni sawa na zile chupa zangu mbili, ila hizi zilikuwa zinatembea na zimevaa baibui.

Ikafika Jumatano ya Zainabu, kidole kikatoa ishirini na mbili. Daktari akashika kichwa, akaongeza vidonge mara mbili ya vya mwanzo. Pakiti ikaenda nyumbani. Somoe, ambaye sukari yake vidonge vya mwanzo vilikuwa vimeshaituliza, naye akameza kwa kipimo hicho hicho, maana ndivyo pakiti ilivyoandikwa.

Siku ya tatu yake alimeza asubuhi, akangoja kula. Na nyumba ya Abdala ina desturi yake, nyingine zinayo pia, msijifanye hamjui: chungu hakifunuliwi mpaka mwenye nyumba arudi. Chakula kimeiva, kimefunikwa, wanawake wamekaa wanapunga nzi. Mzee Abdala yuko kwenye mizani ya ufuta, anabishana na wakulima. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Somoe akaanza kutoka jasho, akatetemeka, akaanza kuongea na kuku kama anaongea na marehemu mama yake, akaanguka.

Majirani wakamleta kwa bajaji. Mzee Abdala akawakuta getini, akaingia nao, ana kadi mkononi. Nesi akaisoma. Mke wa Abdala, juzi tu ishirini na mbili. Mtu kaanguka hajitambui, juzi alikuwa na sukari ya kutisha. Nesi akavuta insulini kwenye sindano. Daktari akasema, "Ngoja nipime kwanza." Akabonyeza mashine. Kimya. Betri imekufa. "Mzee Chande, kimbia maabara, lete nyingine!"

Mimi kukimbia niliacha zamani, lakini nilikimbia. Niliporudi nikakuta mwanamke mwingine kasimama mlangoni, ushungi umeanguka mabegani, kanga inaburuta, anahema. Katoka nyumbani kwa miguu, bajaji ilijaa majirani. Kaona sindano.

"Msimchome!" Sauti hiyo ilifika wodi ya wazazi. "Msimchome dada yangu! Ile ishirini na mbili ni yangu mimi!"

Mzee Abdala akasema kwa upole ule wa mbele za watu, "Zainabu. Rudi nyumbani."

"Sirudi! Daktari, aliyepimwa ni mimi. Mimi! Huyu ni Somoe, sukari yake haijafika huko hata siku moja. Tunakuja kwa zamu. Na leo hajala, tunamngoja huyu!" Akamnyooshea mumewe kidole, kwenye hospitali, mbele ya manesi. Nilidhani paa litaanguka.

Daktari Neema akamsogeza nesi pembeni. Akachukua mashine mkononi mwangu, akatoboa kidole cha Somoe. Namba ikaja chini mno, ya mtu anayeaga. Sindano ya insulini ikawekwa chini, ikaletwa dripu ya sukari. Na mimi nikaona jambo ambalo kwenye kazi hii sikuzoea kuliona, maana mimi huona watu wakiwa kwenye chupa tu: mtu anarudi. Jicho moja likafunguka. Halafu la pili. Somoe akatazama juu, akatazama pembeni, akasema, "Zainabu, chungu umekiepua?"

"Nimekiepua, dada."

"Haya. Basi na tule."

Zainabu akakaa chini sakafuni akalia kwa kwikwi. Nesi akaiokota ile sindano akaenda kuimwaga. Bwana Rafaeli angekuwepo angemwambia. Utaua mtu ambaye hata hamjagombana.

Sasa Jumatano iliyofuata. Daktari alimtaka Mzee Abdala aje mwenyewe na wake zake, zifunguliwe kadi mbili. Akaja na baiskeli, akaiegesha kwenye ukuta wa maabara. Benchi limejaa kuliko siku zote, hata wasio na sukari walikuja. Mwalimu Sikudhani kakaa katikati, kakunja mikono juu ya daftari lake kama hakimu.

"Shikamoo, Mzee," akasema Daktari.

"Marahaba, mwanangu. Tufanye haraka, nina watu mizanini."

"Majina ya wagonjwa?"

Mzee Abdala akakohoa. "Andika, Mke wa Abdala Mkubwa. Na wa pili, Mke wa Abdala Mdogo."

Mwalimu akasema, "Hata punda ana jina."

"Mwalimu, mimi naongea na Daktari."

"Na mimi naongea na punda."

Daktari alikuwa anauma kalamu asicheke. Akawageukia wale wawili. Somoe akasimama. Bado alikuwa hana nguvu, Zainabu kamshika kiwiko. Akasema na pengo lake wazi, polepole, kama mtu anayehesabu kitu chake:

"Somoe binti Athumani. Baba yangu alikuwa fundi wa milango. Andika vizuri."

"Zainabu binti Mohamedi," akasema mwingine. "Mwenye ishirini na mbili."

Benchi likapiga makofi. Sijawahi kusikia benchi la wagonjwa wa sukari likipiga makofi, wengine vidole vinawauma kwa kutobolewa.

"Vizuri," akasema Daktari. "Na sasa wewe, Mzee."

"Mimi nini?"

"Wake zako wameniambia unaamka mara nyingi kwenda msalani. Na kwamba nyuma ya mlango wako sisimizi hawaondoki."

Mzee Abdala akawatazama wake zake. Somoe akatazama dari. Zainabu akatazama dari hiyo hiyo.

"Kaa benchi, Mzee. Dakika chache tu. Tuna somo, halafu tunakupima kidole."

Watu wakasogea kumpa nafasi, kwa adabu kabisa, katikati ya wanawake. Akakaa, kofia nyeupe, magoti yamebanana. Nikapitisha muhogo. Akachukua kipande, maana kukataa muhogo mbele za watu ni kujionyesha. Akakitia mdomoni. Daktari akaeleza habari za vimeng'enya, kwamba havimngoji mtu, ukimeza dawa ya kushusha sukari lazima ule, mwenye nyumba awe karudi au awe mizanini. Halafu akachukua kadi ya tatu.

"Jina, tuandike?"

Mzee Abdala alikuwa na muhogo mdomoni, bado anatafuna. Hapo ndipo Somoe, yule mnyamavu, aliposema:

"Andika, Mume wa Somoe."

"Na wa Zainabu," akasema Zainabu.

Jamani. Kicheko hicho kilimwangusha bibi mmoja kwenye benchi, tukamwinua, akaanguka tena. Mwalimu Sikudhani alifungua daftari la Bi Kongosho akaandika haraka haraka, machozi yanadondokea karatasi. Hata nesi, ambaye toka siku ya sindano hakucheka, alicheka.

Mzee Abdala akasimama. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Shavu lake la kulia limetokeza kama jipu, lile tope la muhogo bado liko humo, na kwa muda aliokuwa amelitafuna, nawaambia mimi mwenye ujuzi huo, lilikuwa limeshaanza kuwa tamu. Akanitazama. Nikamnyooshea kisahani.

Akatikisa kichwa. Akaonyesha nje kwa kidole, akasema kwa mdomo uliojaa, "Nakwenda kutema."

Akashuka ngazi za baraza. Akaupita ukuta wa maabara, akaipita baiskeli yake yenye kengele mbili, hakuigusa. Akatoka getini, akakata kushoto kwenye barabara ya Lindi, ile ya kwenda Rutamba, wala si kulia kwenye mizani, mgongo umenyooka, kofia haina doa. Ayodini yangu nikaishika mkononi tukamngoja.